Kikohozi cha Bwana Risiti

Saa arobaini na moja za mkanda
nimepewa nizifanye dakika sabini.
Chumba changu kipo Sinza, juu ya duka la vipuri,
feni inakoroma, na umeme ukikatika
Bwana Risiti anazimika mdomo wazi
katikati ya neno "mwenye..."
nami gizani najua linalofuata:
nyumba.
Kila mzaha wake una mwenye nyumba.

Jina la cheti ni Athumani Mkwepu,
mzaliwa wa Magomeni Mapipa,
karani wa ghala aliyefukuzwa kazi
kwa kuandika kwenye risiti ya saruji:
"Mifuko kumi. Tisa imefika, mmoja umeoa njiani."
Meneja hakucheka.
Makuli walicheka wiki nzima.

Mwaka themanini na tatu, picha imefifia,
bendi imeshuka kunywa maji (wao waliyaita maji),
anapanda yeye na koti la kuazima,
mikono yake inamfika vidoleni:
"Leo nimepanga foleni tangu alfajiri.
Kufika dirishani naambiwa, bwana,
hii ni foleni ya kuulizia
foleni ya sukari iko wapi."
Halafu anakohoa. Kho. Mara moja.
Ndipo ukumbi unapasuka.

Nilikifuta kile kikohozi.
Nilidhani ni uchafu wa sauti,
nikakifuta mzaha baada ya mzaha,
miaka arobaini ya kifua cha mtu
nikaisugua kama sufuria.

Bi Kuruthumu tulimrekodi kwake Mbagala,
anachambua mchele, hatazami kamera.
Uliwahi kumcheka?
"Nani, mimi? Mimi nilikuwa nahesabu.
Vichwa vya ukumbini, mara kiingilio,
toa cha mwenye ukumbi, toa cha bendi,
toa nauli. Wao wakicheka
mimi najua kama kesho kuna unga.
Siku moja walijaa mpaka madirishani,
nikacheka. Lakini si kwa alilosema."

Kuna sehemu haina picha.
Nimeweka weusi, sekunde hamsini,
mtayarishaji anasema ni nyingi mno.
Ni sauti yake tu, anasimulia makaburini:
mwanawe Shomari keshazikwa,
yeye anasimama kuwashukuru watu,
anavua kofia, anafungua mdomo,
na mtu wa nyuma anacheka.
Hakukusudia. Mazoea, kama goti likigongwa.
Kisha wa pili. Kisha safu nzima,
kanzu zinatikisika, viganja midomoni,
machozi yanatoka, hujui ni yapi.
"Nikawaacha. Niwanyamazishe ili iweje?
Shomari ndiye aliyekuwa akinishikia koti."

Jumamosi tulimwonyesha, peke yake,
kabla ya wenye hela zao.
Alikaa kiti cha plastiki, fimbo mapajani,
akautazama ujana wake bila kupepesa.
Foleni ya sukari ikapita.
Akanigeukia:
"Binti, mbona wamecheka mapema?"
Hapana, mzee, ni palepale.
"Kikohozi changu kiko wapi?"

Nikamweleza habari za kelele na usafi.
Akasikiliza kwa adabu,
kama mtu anayesomewa bili ya maji.
"Mzaha," akasema, "ni mlango nimewafungulia.
Kikohozi ni kuwasubiri wavue viatu."

Usiku huo nilirudi kwenye mikanda ghafi,
kimoja kimoja, mia mbili na sita,
nikavirejesha mahali pake.
Cha themanini na tatu chepesi, cha kijana mwenye njaa.
Cha tisini na saba kina sigara ndani.
Cha mwaka jana kinakokota mchanga.

Na kwenye ule weusi, baada ya neno koti,
kipo kimoja, kidogo.
Hicho sikuwa nimekifuta.
Sikuwa nimekisikia.